Niliuziwa plastiki nikaambiwa ni sufu

Uzi mmoja tu. Ndio nilioomba kuuchomoa pembeni mwa kitambaa niuchome kwa kiberiti, nione kama kweli ni sufu, kabla sijatoa pesa. Mwenye duka akanijibu mbele ya wateja wote: "Bosi, watu wa mitumba ndio huchomachoma nguo. Kama huna pesa, sema." Duka liko katikati ya mji wa Kisumu, jina nitaliacha. Nikalipa shilingi 9,000 kwa mita mbili, na nililipa kwa sababu ya aibu.

Pembeni mwa kile kitambaa cha kijivu palifumwa kwa rangi ya dhahabu: Super 150's, Made in England. Namba hiyo ina maana yake. Sufu ya 150 unene wa unywele wake kwa wastani hautakiwi kuzidi mikroni 16.25 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na kitambaa cha nailoni au poliesta hakiruhusiwi kuivaa kabisa. Haya nilikuwa nayajua, na bado nikanyamaza. Hapo ndipo panaponiuma hadi leo.

Fundi wangu aliyenishonea koti la kitambaa hicho hana doa. Mabega yalikaa, kola ikalala shingoni, bitana haivuti popote, na kifuani alitia kanvasi, kile kitambaa kigumu cha ndani, ya kushonwa, si ile ya gundi inayofura mapovu ukipiga pasi. Matundu ya vifungo kayashona kwa mkono. Mkiwa Kisumu na mnataka koti, nendeni kwake.

Siku ya harusi ya mdogo wangu, mahubiri hayajafika katikati na shati limeshanigandia mgongoni. Sufu nyepesi huliweza joto la ziwa, maana hunyonya unyevu karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi umelowa. Hili langu lilikuwa kama nimefungwa ndani ya mfuko. Jioni nimesimama karibu na jiko la nyama, cheche ikarukia mkono wa koti. Sufu ingeungua kidogo, ikanuka nywele, ikazimika yenyewe. Langu liliyeyuka. Lilibaki tundu dogo kama punje ya mtama, ukingo wake mweusi, mgumu, ukiupitishia kidole unakwaruza.

Nilirudi dukani na koti mkononi. Yule mtu hakuligusa hata kidogo. "Umelichoma mwenyewe," akasema, akamgeukia mteja mwingine. Nilitoka pale nikitetemeka.

Labda hakujua. Labda naye aliuziwa hivyo na wa jumla. Nilijaribu kuamini hivyo kwa wiki nzima, nikashindwa. Mtu asiyejua anachouza haogopi kiberiti.

Jumapili moja nikaenda soko la Kibuye, hapo hapo Kisumu. Katika marundo ya makoti nikapata moja la zamani, la kahawia, lebo yake ina ile alama ya kibonge cha uzi iliyoanza 1964, Woolmark, alama ya sufu halisi. Shilingi 600. Kabla sijafungua mdomo muuzaji mwenyewe alichomoa uzi kwenye mshono wa ndani, akawasha njiti. Harufu ya nywele ikanijaa puani. Majivu aliyasaga kwa vidole yakawa vumbi. Huyo ndiye mtu wa mitumba niliyetukaniwa.

Koti nikalipeleka kwa fundi alipunguze kiuno. Alilifinya kiganjani, akaliachia, likajikunjua polepole bila kunyanzi.

"Hii sasa ndiyo sufu, Mwalimu."

"Na ile ya kijivu, Mzee?"

Alinyamaza kidogo. "Ile niliijua siku nilipoanza kutia mikono ya koti. Sufu ukiipa mvuke inakubali kukusanyika begani. Ile ilikataa, nikahangaika nayo siku nzima. Lakini ulikuwa umeshanunua, na harusi ilikuwa karibu."

Nimeandika hapo juu kwamba hana doa. Sitafuta, kwa sababu mkono wake ni ule ule. Ila mkienda kwake, muulizeni kuhusu kitambaa kabla hamjakilipia, na msitoke hadi ajibu. Lile la kahawia nimemwachia. Alisema liko tayari Jumamosi.