RivaTuner Statistics Server: programu ya bure ya kuweka kikomo cha fremu, baada ya kuitumia kwa miezi kadhaa

Kwa muda mrefu niliishuku kompyuta yangu bure. Nilipokuwa nikiendesha lori ndani ya Euro Truck Simulator 2, barabara kuu ilipita laini na kaunta ya pembeni mwa skrini ikasoma fremu, yaani picha, 90 na zaidi kwa sekunde, lakini kila nilipoingia mjini, penye taa za barabarani, majengo marefu na foleni ya magari inayoonekana kwenye vioo vya pembeni, namba ilishuka hadi 55, ikapanda 70, ikashuka tena, na kila ilipobadilika nilihisi kana kwamba lori limepita juu ya tuta ambalo halipo. Nilipunguza ubora wa vivuli, nikapunguza ubora wa vioo, nikashusha hata kiwango cha ukubwa wa picha mpaka maandishi ya vibao vya barabarani yakawa ukungu mtupu, na tuta likabaki pale pale. Kilichoniondolea adha hiyo ni programu ndogo isiyouzwa iitwayo RivaTuner Statistics Server, ambayo wanaoitumia huifupisha RTSS, na kazi yake kubwa ni kuizuia gemu isichore fremu nyingi kuliko idadi uliyoipangia.

Mwandishi wake ni Alexey Nicolaychuk, Mrusi anayejulikana zaidi kwa jina la Unwinder, na jina la RivaTuner ni kumbukumbu ya kadi za michoro za Riva ambazo Nvidia ilizitoa mwishoni mwa miaka ya 1990. Programu hupatikana peke yake kwenye tovuti ya Guru3D, au huja pamoja na MSI Afterburner, ile ya kufuatilia joto na mwendo wa kadi. Pakua hapo tu, kwa sababu mwaka 2022 zilibainika tovuti bandia za Afterburner zilizokuwa zikisambaza programu haribifu, na kiungo cha kwanza unachokipata ukitafuta si lazima kiwe cha kweli.

Kabla sijaisifu zaidi, ni vyema nieleze kwa nini kaunta ya fremu peke yake hudanganya. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila picha inapewa milisekunde 16.7. Chukulia sekunde moja ambayo picha 54 zimechorwa kwa muda huo huo wa kawaida, jumla milisekunde 900, kisha picha moja ikachukua milisekunde 100 peke yake. Kaunta itasoma 55, namba ambayo mtu yeyote mwenye kompyuta ya kawaida angeipokea kwa shukrani, ilhali jicho limeona mwendo ukiganda kwa sehemu ya kumi ya sekunde. RTSS huweza kuchora juu ya gemu mstari unaoonyesha muda wa kila fremu, na mstari huo ndio ulionifundisha kuhusu gemu zangu kuliko namba zote nilizowahi kuzitazama. Barabara kuu ilinipa mstari uliotikisika kidogo. Mjini ulikuwa kama meno ya msumeno. Nilipoweka kikomo cha 48 ulinyooka kama uzi uliovutwa na fundi wa kujenga ukuta, na tuta likatoweka siku hiyo hiyo.

Kwa nini 48, namba isiyo na umaarufu wowote? Hapa ndipo wengi wetu hukosea, kwa kuwa tunachagua kikomo kwa mazoea ya kusikia 30 na 60 badala ya kuangalia skrini tuliyonayo. Skrini yangu huchora upya mara 144 kwa sekunde, na kikomo kinachogawa 144 bila baki humaanisha kwamba kila picha itakaa mbele ya macho kwa muda ulio sawa na wa mwenzake. Kwa hiyo 72 inafaa, 48 inafaa, na 36 inafaa kwa mwenye uvumilivu. Kikomo cha 60 kwenye skrini hiyo hiyo, ingawa ni namba kubwa kuliko 48, hulazimu baadhi ya picha zionyeshwe mara mbili na nyingine mara tatu, na ukigeuza lori polepole kwenye mzunguko utaona majengo yakisogea kwa kuchechemea. Mwenye skrini ya hezi 60, yaani inayochora upya mara 60 kwa sekunde, hana uchaguzi mpana kiasi hicho, kwani ni 60 au 30, na kikomo cha 40 ambacho huwafaa sana wenye skrini ya hezi 120 kitamletea kuchechemea huko huko. Wenye skrini za FreeSync au G-Sync wamesamehewa hesabu hii yote, kwa sababu skrini yao huifuata gemu badala ya kuilazimisha. Wao inawatosha kuweka kikomo fremu chache chini ya uwezo wa skrini, kwa mfano 138 au 141 kwenye ile ya 144.

Kuhusu skrini yenyewe niseme neno, maana nilipoteza wiki nzima. Niliinunua kwenye duka moja mjini, muuzaji akaniunganishia, akaniwashia gemu ya mpira na kunihakikishia kwamba sasa ninaona 144. Nyumbani sikuona tofauti yoyote. Siku niliyofungua mipangilio ya onyesho ya Windows, kwenye sehemu ya onyesho la kina, nikakuta imeandikwa hezi 60. Skrini ilikuwa mpya lakini kompyuta haikuwa imeambiwa. Hakuna kikomo cha fremu kitakachokuwa na maana kabla ya kuhakiki namba hiyo, na kuihakiki hakuchukui hata dakika moja.

Kuitumia RTSS si vigumu, ingawa sura yake inatisha. Dirisha lake lina rangi za giza na vitufe vilivyosongamana kama redio ya gari la zamani. Upande wa kushoto kuna orodha ya gemu, na juu kabisa pameandikwa "Global", yaani mipangilio itakayoshika gemu zote. Usiweke kikomo hapo. Bonyeza "Add", tafuta faili la gemu unayoitaka, ambalo kwa Euro Truck ni eurotrucks2.exe, kisha upande wa kulia andika namba kwenye kisanduku cha "Framerate limit" na ubonyeze Enter. Mabadiliko hushika hapo hapo, hata gemu ikiwa inaendelea, na jambo hili lina faida kubwa, kwa kuwa unaweza kuegesha lori pembeni, ukajaribu 72, ukarudi 48, na kulinganisha kwa macho yako bila kuanza safari upya. Ukibonyeza maneno yenyewe ya "Framerate limit" yatageuka, na badala ya idadi ya fremu utaweza kuandika muda wa fremu moja kwa mikrosekunde, jambo linalowafaa wanaotaka usahihi wa hali ya juu. Mimi sijalihitaji.

Manufaa ambayo sikuyatarajia yalikuwa ya joto. Kadi yangu ni GTX 1650 ndani ya laptop, na kwa joto la Dar es Salaam mwezi wa Februari feni yake ilikuwa ikivuma kiasi cha kumfanya aliye chumba cha pili aulize kuna nini. Kadi isiyo na kikomo hufanya kazi kwa nguvu zake zote hata pale ambapo hakuna cha kuangalia, na mfano mashuhuri ni wa gemu ya StarCraft II, ambayo ilipotoka mwaka 2010 menyu zake zilichorwa bila kikomo hata watengenezaji wake, kampuni ya Blizzard, ikalazimika kuwaeleza wachezaji mistari ya kuongeza kwenye faili la mipangilio ili kadi zisichemke. Kwangu, kikomo cha 48 kimeishusha feni kutoka mvumo hadi mnong'ono, na ingawa sitadai kwamba uniti za LUKU zimeongezeka umri kwa namna ya kupimika, betri ninapolazimika kuitumia hudumu muda unaotosha kumaliza safari moja fupi.

Ipo pia gemu ambayo kwake kikomo ni sharti la kucheza. Skyrim ya mwaka 2011 iliandikwa kwa namna ambayo mwendo wa vitu, yaani kuanguka, kugongana na kuviringika, hufuata idadi ya fremu, na waandishi wake walitarajia isizidi 60. Niliifungua kwenye skrini ya 144 baada ya kuzima V-Sync, yaani mpangilio unaoifanya gemu iende sambamba na uchoraji wa skrini, nikaingia kwenye nyumba moja ya mji wa Whiterun, na kabla sijapiga hatua ya pili sahani, mikate na vikombe viliruka kutoka mezani kama vimepigwa teke kutoka chini. Ni kichekesho mara ya kwanza; mara ya tatu, unapotafuta kitu kilichodondoka nyuma ya kabati, si kichekesho tena. Wasifu, yaani mipangilio ya gemu moja ndani ya RTSS, wa TESV.exe, faili la Skyrim, wenye kikomo cha 60 ulimaliza vurugu hizo, na hapo ndipo nilipothamini kwamba RTSS hukumbuka namba tofauti kwa kila gemu.

Swali la haki ni kama inahitajika kweli, maana Nvidia iliongeza kikomo chake ndani ya paneli yake ya udhibiti mwezi Januari 2020, AMD ina chake, na gemu nyingi za sasa zina kisanduku cha kikomo kwenye mipangilio yao. Jibu langu hutegemea unacheza nini. Kikomo cha ndani ya gemu ndicho chenye uchelewaji mdogo zaidi kati ya kidole na skrini, kwa sababu gemu hungoja kabla ya kusoma amri zako, wakati RTSS, kwa kuwa hukaa nje, huweza kuongeza uchelewaji unaokaribia fremu moja. Anayecheza Counter-Strike 2, gemu ya kufyatuliana risasi, kwa ushindani asiitumie. Afungue mipangilio ya gemu yenyewe na awashe Reflex, teknolojia ya Nvidia ya kupunguza uchelewaji, kama kadi yake inaikubali. Lakini vikomo vingi vya ndani ya gemu huruhusu mstari wa muda kutikisika, na kwa anayeendesha lori, anayetembea msituni au anayecheza gemu ya hadithi kwa padi, milisekunde chache za uchelewaji hazihisiki ilhali mtikisiko huonekana. Kwa watu hao, ambao naamini ndio wengi, RTSS inashinda. Usisahau tu kwamba kikomo peke yake hakizuii picha kuchanika katikati. Kwenye skrini ya kawaida mimi huiwasha V-Sync ya gemu pamoja na kikomo cha 48, na mchanganyiko huo umenitosha.

Mapungufu yake yapo, na mengine si madogo. Baadhi ya gemu za mtandaoni zenye ulinzi dhidi ya udanganyifu hukataa programu zinazojipenyeza kuchora juu yake, hivyo kabla ya kuingia kwenye mashindano ni salama zaidi kuifunga kabisa. Maelezo ya matumizi ni machache na yameandikwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari anajua. Maendeleo yake pia yanamtegemea mtu mmoja. Mwanzoni mwa mwaka 2023 Unwinder mwenyewe alieleza kwamba malipo kutoka kampuni ya MSI yalikuwa yamekwama kutokana na vita vya Urusi na Ukraine, na kwamba kazi ya Afterburner ilikuwa karibu kusimama, ingawa matoleo mapya yaliendelea kutoka baadaye.

Na jambo ambalo humvunja moyo anayeisakinisha kwa matumaini makubwa ni kwamba haiongezi hata fremu moja. Elden Ring, ambayo kwenye kompyuta imefungwa kwenye 60 na watengenezaji wake FromSoftware wenyewe, haiwezi kuvushwa hapo kwa RTSS, na ile migando yake ya ghafla unapoingia eneo jipya hubaki pale pale, kwa sababu chanzo chake ni kazi inayofanywa na gemu kwa wakati usiofaa. Nilijaribu kikomo cha 36 kwa wiki mbili, mstari ukanyooka kati ya mgando mmoja na mwingine, kisha nikaiacha gemu hiyo mpaka nitakapopata kadi yenye kumbukumbu zaidi ya GB 4.

Kwa sasa orodha yangu ina wasifu tatu: eurotrucks2.exe kwa 48, TESV.exe kwa 60, na gemu ya mpira kwa 72, kwa kuwa uwanja mzima huonekana kwa kamera moja na kadi haipati taabu. "Global" nimeiacha bila kikomo, na mstari wa muda wa fremu nimeuacha ukionekana kwenye kona ya juu kushoto, mdogo, wa kijani, ingawa mdogo wangu akija kucheza huuzima kwanza kwa kuwa anasema unamfunika ramani.