Kurta ya Safari: Kikwapa Safi, Mpasuo Hovyo

Haya, karibuni tena, na leo nina kinyongo. Kurta hii, yaani shati refu la asili ya Kihindi, ni ya pamba, mikono mirefu, inafika magotini, imepigwa chapa za nili. Wanaiuza kama nguo ya kutembelea Fort Jesus na Mji Mkongwe. Pamba mnaijua, naruka. Twende kwenye mpasuo wa ubavuni.

Sogea hapa karibu. Unaona mshono wa ubavuni unapoishia? Uzi umekatwa tu, haukurudishwa. Mfuko nao wameuweka juu yake palepale. Sasa natia simu. Ona kitambaa kinavyovutwa! Nainua goti kama anayepanda ngazi... umesikia? Trrr! Na hapo bado uko nyumbani. Fort Jesus ile Wareno walianza kuijenga 1593, Waingereza wakaigeuza jela kuanzia 1895 hadi 1958. Ndani ni kupanda na kushuka tu. Utazunguka ngome nzima umeshika ubavu?

Dawa yake, fundi cherehani, kabla hujaivaa. Akate pembetatu ya kitambaa kilekile, sentimita 3 kila upande, aishone kwa ndani pale juu ya mpasuo, apite mara mbili na kurudisha uzi. Simu ihamie kwenye begi.

Ila kikwapa, jamani! Hiki kipande cha mraba hapa chini ya mkono. Nanyoosha mkono juu, nguo haipandi. Wavaa kanzu mnanielewa. Mashati ya kitani ya madukani, bei mara mbili, hayana.

Rangi sasa. Nasugua na kitambaa cheupe kibichi... bluu hiyo. Msidanganywe na siki, haishikishi nili kwenye pamba. Ifue peke yake, maji baridi, mpaka maji yatoke meupe, na begi jeupe liache. Ukiegemea ukuta ukapata chokaa, kung'uta ikiwa kavu. Ukiilowesha, inaingia kwenye nyuzi.

Kuna waliouliza kama ni vazi la watalii. Mambo ya Kihindi si ugeni hapa: Kenya hii Waingereza waliiendesha kwa rupia ya India hadi 1920! Piteni Biashara Street, Mombasa, muone nani ananunua.

Wiki ijayo ni vikoi, kwa hiyo wasiojisajili wabonyeze hapo chini. Bei? Shilingi 2,800 za Kenya. Kwa hiyo siichukui. Muuzaji akishuka hadi 2,300, ile 500 inakwenda kwa fundi, na naibeba.