Maazimio ya Kazi ya Sayansi, Darasa la Tatu: Tathmini ya Mwalimu

Nimekitumia kitabu hiki cha maazimio ya kazi, yaani mpango wa mada za kufundisha wiki kwa wiki, tangu Januari, na sifa yake kubwa ni safu ya zana za kila wiki, ambamo makopo, chupa tupu na mbegu za maharage vimetangulizwa mbele ya vifaa vya maabara ambavyo shule nyingi za msingi hazina. Kasoro inayonisumbua ni mpangilio wa mada, kwa kuwa hali ya hewa na uotaji wa mimea vimewekwa Agosti, ilhali hapa Dodoma mvua hunyesha takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na mtoto wa miaka 8 au 9 hukielewa kipimamvua kwa kukiona kikijaa, si kwa kukariri mchoro wake. Nilizihamishia mada hizo Februari na kuipeleka sumaku kiangazi. Maharage tuliyoyaweka kwenye pamba yenye unyevu yalichipua ndani ya juma moja, na wanafunzi wakawa wanapima miche kwa rula kila asubuhi. Jedwali la tathmini ni la kawaida. Ninakipendekeza kwa walimu wenzangu, mradi wakipange upya kwa kufuata majira ya mahali walipo na kuacha wiki mbili wazi kila muhula, kwa sababu jaribio lililoharibika linastahili kurudiwa.