Kifuniko cha kuzuia petroli kwenye gari la dizeli: kinafaa kwa sheli za Dar?

Wadau, karibuni. Mezani leo kuna vitu vitatu vya aina inayouzwa kwenye maduka ya spea Kariakoo na Ilala. Kuna kifuniko cha tenki kinachozuia petroli isiingie kwenye gari la dizeli, kuna pampu ndogo ya volti 12 ya kuhamishia mafuta, na kuna mpira wa kunyonyea wenye balbu ya kubinya kwa mkono. Niseme mapema: kimoja nunua, kimoja kiache dukani, na kimoja inategemea gari lako linajazwaje.

Kuwekewa petroli kwenye dizeli hapa kwetu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Magari mengi ni mitumba ya Japani. Prado ya dizeli na Prado ya petroli kwa nje ni mapacha. Mazda CX-5 ndiyo usiseme, maana mhudumu amezoea kwamba gari la familia la ukubwa ule ni petroli, kumbe ile ya lita 2.2 ni dizeli. Ukifungua mlango wa tenki unaweza kukuta herufi hizi, 軽油. Ndiyo dizeli hiyo, ila nani pale Kimara ataisoma? Na dereva naye anashusha kioo, anasema "kaka, weka ya elfu hamsini," anarudi kwenye simu yake. Mafuta gani, hajataja.

Halafu kuna suala la kipenyo. Mdomo wa pampu ya petroli una unene wa milimita 21 hivi, wa dizeli 24 hadi 25. Tundu la tenki la gari la dizeli ni pana, kwa hiyo mdomo wa petroli unazama humo bila kikwazo. Kinyume chake ni kigumu, mdomo wa dizeli hukwama kwenye tundu la gari la petroli. Rangi ya mpini wa pampu usiitegemee. Soma neno lililoandikwa kwenye pampu.

Sasa ikishaingia, nini kinaharibika? Injini ya dizeli haina plagi. Hewa inabanwa kwenye silinda, kwa uwiano wa 14 hadi 22 kwa 1 kutegemea injini, mpaka inapata joto la kuwasha dizeli pale nozeli inapoipuliza. Petroli imetengenezwa isiwake kwa kubanwa, isubiri cheche. Kwenye injini ya dizeli basi inachelewa kuwaka, kisha inawaka kwa mkupuo. Hapo unasikia injini inagonga, gari linakosa nguvu, linatoa moshi mweupe, mwisho linazimika katikati ya foleni. Hiyo yote bado ni hasara ndogo.

Hasara kubwa iko kwenye pampu ya presha. Kwenye pikapu na magari mengi ya familia, pampu hii haina oili yake, inalainishwa na dizeli ileile inayopita ndani. Petroli inaosha ule utando wa mafuta, chuma kinaanza kusaga chuma. Kwenye mfumo wa komon reli, yaani bomba moja la presha (reli) linalogawa mafuta kwa nozeli zote, presha inafika bar 1,600, na injini mpya zinapita 2,000, huku nafasi kati ya chuma na chuma ikipimwa kwa sehemu za elfu za milimita. Chenga zinazokwanguka humo zinasukumwa kwenye reli, zinaingia kwenye nozeli zote, nyingine zinarudi tenkini kwa bomba la ritani na kuanza safari upya. Ndiyo maana fundi anakuandikia pampu, reli, nozeli na mabomba kwa mkupuo, nawe unahisi unapigwa. Hapo hupigwi. Ukifunga pampu mpya peke yake, chenga za zamani zitaimaliza na hiyo. Kompyuta ya kupimia gari ikitoa kodi ya hitilafu P0087, yaani presha ya reli imeshuka, kwenye gari lililotoka kujazwa, usikubali kuanza kwa kununua sensa.

Land Cruiser yenye injini ya zamani ya 1HZ inavumilia zaidi kwa sababu haina komon reli, lakini pampu yake nayo inalainishwa na dizeli. Usiiendeshe na petroli kwa kisa kwamba ni injini ya kizamani.

Turudi kwenye kifuniko. Angalia ndani: kuna ulimi wa plastiki na ndoano mbili, moja kila upande. Mdomo wa dizeli, kwa unene wake, unasukuma ndoano zote mbili kwa pamoja na ulimi unafunguka. Mdomo wa petroli unagusa moja tu, ulimi unabaki umefungwa. Hakuna waya, hakuna betri. Ni wazo zuri sana, na nawapa maksi waliolibuni.

Kukipima huna haja ya kwenda sheli. Chukua vipande viwili vya paipu ya PVC ya kupitishia nyaya za umeme, kimoja cha milimita 20, kingine cha 25. Hiki cha 20 nakisukuma wima: ulimi umekataa. Nakilaza kushoto, nakilaza kulia, nakizungusha: umekataa. Hicho cha kulaza ndicho kipimo chenyewe, kwa sababu mhudumu mwenye magari kumi nyuma yako hasukumi wima. Sasa cha 25: ulimi umefunguka. Kama chako kinabana, kipige msasa kidogo ukifikishe 24, ujaribu tena. Kifuniko kikifunguka hata mara moja kwa kile cha 20, mrudishie muuzaji.

Udhaifu wake upo. Kwanza, dumu. Ukijazia gari kwa dumu na faneli ya kawaida, ulimi haufunguki, unahitaji faneli nene inayokuja ndani ya boksi, na hiyo ndiyo kitu cha kwanza kupotea. Pili, pampu za malori zenye mdomo mnene wa kujazia haraka haziingii kabisa. Tatu, vumbi. Barabara ya vumbi ikishakaa kwenye ndoano, ulimi unakuwa mzito au unabaki wazi, na ukibaki wazi hauzuii kitu. Upanguse kwa kitambaa kila unapobadilisha oili, wala usiupake grisi, maana grisi inakusanya vumbi. Nne, dizeli ina povu, na tundu likiwa jembamba pampu itakata mapema, kwa hiyo mwambie mhudumu apunguze kasi.

Na dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa je? Hapo kifuniko hakisaidii. Vinasaba, yaani alama za kemikali ambazo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuziweka kwenye mafuta mwaka 2010, vililenga uchakachuaji huo. Kifuniko kinapima unene wa mdomo, hakijui kinachopita ndani yake.

Kabla ya kulipia, pima kipenyo cha ndani cha shingo ya tenki kwa vernia na uangalie kama kifuniko chako cha sasa ni cha nyuzi za kuzungusha kama skrubu au cha kufunga kwa robo mzunguko. Muuzaji akikwambia "hiki kinaingia gari zote," mwambie akifunge hapohapo mbele yako.

Pampu ya volti 12, hii ya mrija wa chuma: unaitumbukiza kwenye mafuta, klipu zake mbili unazibana kwenye betri. Kwa kuhamisha dizeli safi kutoka pipa kwenda kwenye jenereta, sawa. Kwa kazi ya leo iache dukani. Mota yake ina brashi zinazotoa cheche, na klipu nazo hutoa cheche. Dizeli inahitaji kupata joto linalozidi nyuzi 50 ndipo mvuke wake uweze kuwaka. Petroli mvuke wake unawaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Tenki lenye mchanganyiko, hata kama sehemu kubwa ni dizeli, lihesabu kuwa ni tenki la petroli.

Mpira wa balbu ndio wa kununua. Una valvu ya kuelekeza mafuta upande mmoja: unabinya mara kadhaa, mafuta yakishaanza kushuka yanajiendea yenyewe mradi dumu liko chini ya usawa wa tenki. Hakuna cheche, hakuna kuvuta kwa mdomo. Na kuvuta kwa mdomo acheni jamani, ukipaliwa na petroli ikaingia kwenye mapafu ni hospitali moja kwa moja. Baadhi ya magari yana wavu shingoni na mpira hautapita. Hapo fungua nati ya kumwagia chini ya tenki kama ipo, au mpira mkubwa unaoshuka kutoka shingoni.

Tuseme mafuta yameshaingia na bado uko sheli. Usiwashe gari. Hata swichi usiifikishe kwenye ON, kwa sababu magari yenye pampu ya umeme tenkini huanza kusukuma mafuta hapohapo. Weka nyutro, mlisukume pembeni. Chukua risiti ya EFD, inaonyesha aina ya mafuta na lita, na bila hiyo madai yako kwa sheli hayana miguu. Toa terminali ya hasi ya betri kabla mafuta hayajaanza kumwagwa. Mtungi wa zimamoto wa unga uwe karibu, simu na sigara ziwe mbali.

Hilux ina tenki la lita 80, na mpira hauwezi kuikausha, lita chache hubaki chini. Mimina lita 10 za dizeli safi, tikisa gari, nyonya tena. Kisha badilisha filta, jaza dizeli, toa hewa kwa pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu kubonyezwa. Gari likiwa lilishawashwa, chomoa bomba la ritani na uelekeze lita mbili tatu za kwanza kwenye dumu badala ya kuzirudisha tenkini. Starta usiishike zaidi ya sekunde 10, ipumzishe, rudia.

Filta ya zamani usiitupe. Ikate kwa kikata bomba, sio msumeno, maana msumeno unaacha chenga zake mwenyewe na utashindwa kujua zipi ni za pampu. Mwaga ndani ya beseni jeupe, tazama juani, pitisha sumaku. Mafuta yakiwa safi, endesha, na baada ya kilomita 500 kata filta nyingine uangalie tena. Ukiona kinachong'aa, hata kama sumaku hainasi kwa sababu ni aluminiamu, usiliwashe tena hilo gari, liitie brekdauni.

Na zile chupa za dawa ya nozeli? Zinaongeza ulaini kidogo na zinasafisha. Hazigeuzi lita 20 za petroli kuwa dizeli. Kuongeza oili ya pikipiki kwenye tenki ni vilevile: petroli bado haitawaka inavyotakiwa.

Mafuta uliyoyatoa yaandike kwenye dumu kwamba ni mchanganyiko, uyapeleke kwa wakusanyaji wa oili chafu wenye kibali. Usimpe mtu kwa ajili ya jiko la mchina, hata akikuomba vipi, maana lile jiko ni la mafuta ya taa na kwa petroli linalipuka. Na mtaroni usimwage, mitaro mingi ya mjini inaishia Mto Msimbazi.