TAHADHARI: Picha za kabuki za "mwaka 1794" zinazouzwa mitandaoni zimetoka kwenye printa

Ndugu zangu mnaopenda sanaa ya Kijapani, hasa mlioko Uingereza na Ulaya, someni hii kabla hamjatuma pesa. Kuna muuzaji anayezunguka kwenye masoko ya mitandaoni na magrupu ya wakusanyaji akiuza picha za waigizaji wa kabuki (tamthilia ya jadi ya Kijapani), zile zinazochapwa kwa vibao vya mbao. Hadithi yake ni kwamba zilikuwa za babu wa mkewe, baharia aliyeishi Yokohama. Moja nimeishika mkononi, rafiki yangu hapa London alipoinunua kwa paundi 900. Ni karatasi ya printa iliyochovywa kwenye chai ionekane kuukuu.

Picha yenyewe wengi mmeshaiona hata kama jina hamlijui: Ōtani Oniji wa Tatu akiigiza mtumishi Edobei, macho yamemtoka, taya limesogea mbele, vidole vimetanuka kifuani. Mchoraji wa Kijapani Sharaku aliichora 1794. Kazi zake zote zinazojulikana, kama 140 hivi, zilitoka ndani ya takriban miezi kumi, kisha akatoweka, na watafiti bado wanabishana alikuwa nani hasa. Jina kubwa, karatasi chache: tapeli hahitaji zaidi ya hapo. Sharaku halisi mwenye hali nzuri hauzwi paundi 900 na mtu anayekuharakisha ulipe kabla ya jioni.

Kilichomuumbua ni mandhari ya nyuma. Mchapishaji wa Sharaku, Tsutaya Jūzaburō, alizitoa picha 28 za kwanza za nyuso zikiwa na mandhari meusi yaliyopakwa unga wa ulanga. Ukiinamisha karatasi halisi karibu na dirisha, weusi ule unameremeta, na mng'ao unahama kadiri unavyoigeuza. Picha ya kamera haiwezi kuonyesha mng'ao huo ukihama, na printa ya kawaida haiwezi kuutoa. Ile ya rafiki yangu ilikuwa kijivu kilichokufa, uigeuze utakavyo.

Kisha nikaigeuza nyuma. Vibao hivi havikuwekwa kwenye mashine. Mchapaji alilaza karatasi ya nyuzi za mforosadi juu ya kibao chenye rangi, akaisugua mgongoni kwa baren, kidude cha mviringo kilichofunikwa ganda la mwanzi, na kila rangi ilikuwa na kibao chake. Kwa hiyo rangi huzama ndani, na mgongoni unaona kivuli cha picha na alama za kusugua. Hii mgongo wake ulikuwa mtupu, umepakwa chai tu, tena chai yenyewe imeishia kwenye mstari ulionyooka kama maji ya beseni. Chini ya kioo cha kukuzia, shavu la Oniji likawa vinukta vya rangi mbalimbali. Kibao cha mbao hakitoi vinukta vya namna hiyo.

Muuzaji huyu hakupata shida kupata picha za kuchapa. Metropolitan Museum of Art ya New York imeziweka wazi picha za kazi zake nyingi tangu 2017, bure kwa kila mtu, na hilo ni jambo jema. Lakini hapo ndipo mnaweza kumkamata hata kabla ya kununua. Kila karatasi ya kale ina majeraha yake: doa, mkunjo, tundu la mdudu, kona iliyochanika. Linganisheni picha ya tangazo na zile za makumbusho. Doa lilelile likiwa mahali palepale, basi anachouza ni picha ya karatasi iliyoko makumbusho. Tovuti ya ukiyo-e.org inakuruhusu kupandisha picha ikakutafutia zinazofanana nayo kwenye makusanyo mengi.

Sisemi nakala zote ni uovu. Japani wapo mafundi wanaochonga upya vibao vya Sharaku na kuchapa kwa mkono, na kazi yao ni nzuri sana; inauzwa waziwazi kama nakala, mara nyingi ikiwa na alama ya mchapishaji pembeni. Mkikuta pambizo limekatwa hadi ukingoni mwa picha, ulizeni kilichokatwa kilikuwa nini.

Muuzaji huyuhuyu anauza pia picha za "Toyokuni wa Kwanza", mchoraji mwingine wa waigizaji. Huyo alifariki 1825. Kunisada, mwanafunzi wake, alianza kutumia jina la Toyokuni mwaka 1844 na akachapa maelfu kwa maelfu ya waigizaji. Kwa hiyo saini ya Toyokuni peke yake haithibitishi chochote. Tena moja ya hizo ina zambarau kali ya rangi za viwandani, ambazo zilianza kuingia kwenye chapa za Kijapani miaka ya 1860. Kinachoniudhi ni kwamba Kunisada halisi, au Kunichika halisi (mwanafunzi wa Kunisada), anapatikana kwa dola mia moja na kitu kwa muuzaji mwaminifu. Mtu mwenye kipato cha kawaida anaweza kumiliki uso wa mwigizaji wa Edo (jina la zamani la Tokyo), karatasi iliyopita mikononi mwa mchongaji na mchapaji, na huyu bwana anawafukuza watu kwenye raha hiyo.

Cheti chake chenye mhuri mwekundu hakina jina la mtu wala anwani. Anasisitiza umtumie pesa kama unamtumia ndugu, siyo kama malipo ya bidhaa, "ili kuepuka makato". Ukikubali, ulinzi wa mnunuzi umekwisha. Rafiki yangu alikataa, akalipa kwa kadi, na sasa benki inashughulikia malalamiko yake. Kama umeshanunua, usitupe bahasha wala kufuta mazungumzo, na peleka malalamiko benki leo.

Jina la akaunti anabadilisha, ila picha zake zote amezipiga juu ya mkeka uleule wenye ukingo wa kijani. Mkiuona mkeka huo, ripotini tangazo na muwajulishe wasimamizi wa grupu mlilomo.