Converse Basin, Kalifonia: nyota nne kwa msitu wa visiki

Wageni wengi wa hifadhi ya taifa ya Kings Canyon huishia kwenye General Grant, msekwoya maarufu, aina ya mti mkubwa kupindukia. Wanapiga picha, wanarudi kwenye gari. Mimi ni seremala, mkono wangu umezoea mninga na mvule, nami nawaambia: songeni mbele kidogo na barabara ya 180, mkate kushoto kwenye njia ya vumbi inayoingia Converse Basin.

Njia ina mashimo, ila gari dogo linapita ukienda taratibu. Maji ya kunywa beba mwenyewe, mtandao usahau. Nyota moja imeondokea hapo.

Kisiki cha Chicago hakiko mbali na maegesho. Mti wenyewe, General Noble, uliangushwa mwaka 1892 kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya Chicago ya 1893. Mafundi walisimama kwenye jukwaa wakakata juu sana, ndiyo maana kilichobaki kinamzidi mtu urefu mara tatu. Shina likapasuliwa, likapakiwa kwenye treni, likaungwa upya huko. Watazamaji wakagoma kuamini: huu ni ulaghai wa Kalifonia, mti mnene hivi haupo duniani!

Sasa mbao. Hapo ndipo nilipokasirika. Kampuni ya mbao ya Sanger iliangusha misekwoya ipatayo 8,000 katika bonde hili, na ule ni mti wa mbao nyepesi, kavu, isiyo na unyumbufu. Gogo likitua chini linapasuka kama chungu. Mengi yaliachwa palepale. Yaliyopona yalipasuliwa, mbao zikasukumwa na maji kwenye mfereji wa zaidi ya kilomita 80 hadi mji wa Sanger, na nyingi zikaishia kuwa vigae vya paa na miti ya kusimamishia mizabibu. Miaka elfu na ushee ya kukua, kwa ajili ya zabibu! Tena kampuni yenyewe haikupata faida. Ajabu ni kwamba mbao haiozi: visiki vya zaidi ya karne bado vigumu, gonga usikie.

Mti wa Boole, mita 82 hivi, waliuacha. Una jina la Frank Boole, meneja wa kampuni iliyomaliza majirani zake. Njia yake ina mlima wa kutosha, vaa viatu vya maana. Nenda kiangazi, msimu wa theluji barabara hufungwa.