LibreOffice au Microsoft 365 kwa duka la Lamu?
Ukiwa na duka Langoni, kompyuta moja na madeni ya wateja ya kuandika, Microsoft 365, yenye Word ya kuandikia na Excel ya hesabu, ni kama kodi ya nyumba: unalipa kila mwezi au mwaka. Ukiacha, faili zako utazisoma tu, kuhariri huwezi. LibreOffice, programu ya kazi hizo hizo iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, hailipiwi hata senti, na intaneti waihitaji siku ya kuipakua tu.

Kasoro yake niliionja. Ankara niliyomtumia mteja wa Malindi kwa .docx, yaani faili ya Word, ilifika jedwali limepinda, jumla imerukia ukurasa wa pili. Akadhani nimesahau bei! Tangu hapo natuma PDF.

Kwa daftari la duka, Calc, sehemu ya hesabu ya LibreOffice, yanitosha. Ila mhasibu wako akiwa na makro za Excel (amri zinazofanya kazi zenyewe), lipa tu, usijitese.